Treni ya Kichaa ya Mbao

Somanda, Bariadi
Ijumaa, Juni 1996

Kwa mdogo wangu Felisita,
Kalemela.

Mwadila, ilumbu lyane, dada pekee niliyebakiwa naye katika wale tuliolala ngozi moja ya ng'ombe. Mwadila tena, kwa sababu najua ile ya kwanza umeiitikia kwa kununa. Hujambo? Shemeji Sylvester hajambo? Na mgongo wake, ule unaouma siku za kuvuta nyavu na kupona siku za pombe, unaendeleaje? Sisi huku wazima. Mvua zimekwisha, pamba imechumwa, mtama umepigwa, na mbuzi wamenenepa isipokuwa mmoja ambaye habari zake nitakueleza. Mimi kaka yako magoti yanalia kama mlango wa kanisa, lakini meno manne niliyobakiwa nayo yanaelewana vizuri.

Barua yako niliipata kwa mkono wa dereva wa lori la samaki. Umeniuliza mambo mawili: mwanao Method atarudi lini Kalemela, na hii treni ya kichaa wanayoizungumza mpaka huko ziwani ni kitu gani. Hili la pili umemwuliza mtu anayejua. Mimi nimeshaipanda. Nilikaa kiti cha mbele, mikono juu, kiko mdomoni, ikanipeleka juu mpaka nikaona ziwa na paa la nyumba yako, ikanishusha, na kiko hakikuzimika.

Haya, uongo. Sijapanda. Kitu kirefu kuliko vyote nilichowahi kupanda ni lori la pamba, nami nilishuka kwa kichwa. Nakiri mapema ili yanayofuata uyaamini, maana yanayofuata ni ya kweli, na kwa mara ya kwanza maishani ningefurahi sana kuitwa mwongo.

Sasa kaa chini, uache kuparua samaki, nikueleze tangu mwanzo.

Unajua tangu soko lilipofunguliwa, ushirika umekufa na wanunuzi wa pamba wamezagaa huku kama nzi wa msimu wa maembe. Kila mmoja ana mzani wake, turubai lake na uongo wake. Mmoja wao anaitwa Keneth, kijana mnene mwenye kofia ya Kizungu, ambaye magari yake yanakwenda mpaka Nairobi. Huyu Keneth mwaka jana aliacha mkanda wa video kwa Precious, yule binti mwenye banda la video karibu na stendi, binti mwenye jenereta inayokohoa kuliko mimi. Mkanda hauna hadithi. Hauna mapigano, hauna mapenzi, hauna hata Mhindi anayeimba akizunguka mti. Ni treni tu. Treni ndogo ya wazi, imejaa Wazungu na Wajapani, inapandishwa polepole juu ya reli iliyosimama kama ngazi ya kwenda kwa Mungu, ikifika kileleni inaachiliwa. Inaanguka, Felisita. Inaanguka na watu ndani yake, halafu inainuka, inapinduka miguu juu, inaanguka tena, na wale watu wamefumbua midomo kama sangara waliotupwa mchangani. Mwisho inasimama, wanashuka, wanacheka, wanakwenda kupanga foleni ili waanguke upya.

Nilipoiona mara ya kwanza nilimwuliza Precious kama hao watu wana deni la mtu. Akanijibu kuwa wanalipa wao wenyewe ili wafanyiwe vile. Nikasema basi Ulaya njaa imekwisha kabisa.

Mimi niliondoka nikicheka. Method hakuondoka. Aliutazama ule mkanda mpaka Precious akasema siku moja utakatika na yeye yumo ndani. Wakajaa vijana wengine, na wazee wasio na haya kama mimi. Jioni hatuzungumzii tena mvua wala ng'ombe. Tunabishana juu ya treni ya Ujapani na treni ya Marekani, ipi ndefu, ipi inaanguka wima, ipi inamrusha mtu mpaka makalio yaachane na kiti. Mtu ambaye hajafika hata Shinyanga mjini anakwambia kwamba kiwanja cha starehe cha Marekani usiende siku ya kwanza, utachoka, nenda siku ya pili asubuhi wakati foleni fupi. Na mwenzake anamjibu kwa hasira kwamba huko asubuhi mafuta ya reli yana baridi, treni haiendi mbio, nenda jioni! Nami nawaunga mkono wote wawili, ili ugomvi usife.

Kisha, kama ilivyo kawaida yetu Wasukuma, hatuwezi kupenda kitu kimoja bila kugawanyika mara mbili. Katika ule mkanda kuna treni za reli ya chuma na kuna nyingine zimejengwa juu ya mbao tupu, miti imesukwa kama zizi lililoota likaenda mbinguni. Wakatokea watu wa chuma na watu wa mbao. Watu wa chuma wakasema mbao ni za washamba. Watu wa mbao wakasema chuma hakitikisiki, mtu anapanda kama amekaa ofisini, treni ya mbao ndiyo inayokuonyesha kaburi lako na kukurudisha. Haikupita wiki, wa chuma wakajiita Wagalu na wa mbao wakajiita Wagika, kama zile pande mbili za ngoma tulizozikuta kwa babu zetu. Katekista akatangaza kanisani kwamba ni upagani. Nikamwuliza mlangoni yeye ni wa chuma au wa mbao. Akatazama huku na huku, akasema mbao.

Manju wa Wagika wa mbao ni mwanao. Manju wa Wagalu wa chuma ni Zengo, yule fundi wa gereji mwenye jicho moja linalotazama Maswa na jingine Mwanza.

Sasa safari. Keneth alituambia kwamba Nairobi kuna kiwanja cha starehe chenye treni ya kweli. Si kubwa kama za kwenye mkanda, lakini inaanguka. Laiti ungesikia mipango! Walipanga nani akae mbele. Walipanga nani abebe michembe ya viazi na nani karanga. Walibishana kama mtu ale kabla ya kupanda au apande na njaa, na ndugu mmoja wa Kiloleli akasema yeye atakula nusu. Waliniuliza mimi nitavaa nini. Walinifundisha kupiga kelele, maana wanasema usipopiga kelele moyo unapasuka. Nikajifunzia uani kwangu, majirani wakaja na mikuki. Method alikuwa akieleza njia mpaka mpakani Sirari kana kwamba alizaliwa huko. Nilimtazama usoni, Felisita, nikakumbuka alivyoletwa kwangu mwaka ule baada ya maziko ya kaka yake Thomasi. Hakuwa akisema. Alikuwa anakula na kulala, akisikia maji yakimiminwa kwenye ndoo anatoka nje. Unajua wewe. Basi mtu yule yule sasa anacheka mpaka anashika mbavu. Ndiyo maana nilipopata barua zako za kutaka arudi kwenye mtumbwi wa baba yake, nilizikunja nikaziweka chini ya godoro, nikakujibu habari za mbuzi.

Lakini Keneth ni mfanyabiashara, na mfanyabiashara akikupa lifti ujue kuna kitu unambebea. Akasema lori lake litabeba kundi moja tu. Kundi gani? Likaamuliwa jambo la kwetu: yafanyike mashindano. Siku ya kufungua soko lake la pamba, Jumapili hii inayokuja, kila kundi lijenge treni yake kiwanjani, zichezwe kwa wakati mmoja kama ngoma, na upande utakaovuta watu wengi ndio utakaokwenda Nairobi. Yeye alitaka wakulima wajae kwenye mzani wake. Wao walitaka Nairobi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilitaka kicheko.

Zengo na Wagalu wake wamechomelea gurudumu la chuma kwa ekseli za malori, lina vibembea vinane, linazunguka kwa injini ya mashine ya kusaga. Linanguruma na kutoa moshi. Ni kitu kibaya kutazama lakini ni kizima.

Wagika wetu wamejenga mlima. Kile kilima cha mawe kilicho nyuma ya kiwanja wamekilazia reli ya mbao iliyopigiliwa bati juu, kutoka kileleni mpaka chini. Ingeishia hapo ningesema sawa, ni mtelezo. Haikuishia. Chini kuna korongo lenye mawe, na juu ya korongo wamesimamisha kigongo cha mbao, kirefu kuliko kanisa, ili treni ishuke kilimani, ikimbie, ipande kigongo, ianguke upande wa pili, iingie katika chungu ya pumba za mpunga isimame. Treni yenyewe ni matoroli matatu yaliyokuwa yakibeba robota kwenye kiwanda cha pamba kilichofungwa. Wameyapaka rangi nyekundu. La mbele wamelichora mdomo wa mamba.

Na mbao? Mbao ni za ghala la zamani la ushirika kule Lalago. Lilikaa wazi bila paa misimu sijui mingapi. Waliponunua walifurahi sana, mbao nyingi kwa bei ya ngozi ya kondoo. Nilimwambia Method kwamba ukiuziwa ng'ombe kwa bei ya kuku, mwangalie mdomoni. Akacheka, akaniambia Mami, ng'ombe huyu hatumkamui, tunamkalia tu. Mami ndilo jina lake kwangu, hajawahi kuniita mjomba kwa Kiswahili.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penyewe. Treni hiyo haijajaribiwa. Wala mara moja. Wala kwa jiwe, wala kwa gunia. Mtu wa mbali angesema ni wajinga. Si wajinga. Wewe ulicheza ngoma, unajua: jambo jipya halionyeshwi kabla ya siku. Ukiwa na mtindo mpya wa kurusha jembe, au una nyoka wa kutoa katika kapu, unaficha mpaka watu wamejaa na mpinzani wako ameanza kuchoka. Ukionekana unafanya mazoezi, mtindo umekufa, wenzako watauimbia kabla hujaucheza. Na dawa ya kuvutia watu nayo ina masharti hayo hayo. Mzee Maganga, mganga wao, amefunga dawa chini ya toroli la mbele, akasema toroli lisikaliwe na mtu, lisisogee, mpaka Jumapili mbele ya macho ya watu. Kwa hiyo wamezungushia magunia kila kitu, wameweka walinzi, na kila mmoja anatembea huku anatabasamu kama bibi harusi mwenye mimba.

Jumamosi iliyopita mbuzi wangu alipita chini ya magunia akapanda kwenye kigongo, unajua mbuzi na mahali pa juu. Akafika katikati. Ubao ukakatika chini yake, akaanguka korongoni, akavunjika shingo. Mbuzi, Felisita. Si ng'ombe. Nilifikiri sasa watashtuka. Mzee Maganga akatoka akasema kwamba dawa ilikuwa na njaa, sasa imekula, imeshiba, haitataka kingine. Wakashangilia. Wakapigilia ubao mwingine kutoka ghala lile lile. Mbuzi akachomwa, nami nililetewa paja kwa kuwa ni wangu. Nililila. Lilikuwa laini.

Siku iliyofuata watu walipokuwa kanisani, na walinzi nao wamekwenda kuombea ushindi, nilipita kwenye magunia. Sikupanda, mimi ni mzee, si mbuzi. Nilikwenda kwenye nguzo za kigongo, zile zinazokanyaga korongoni. Kwa nje zimepakwa oili chafu, zinang'aa. Nikaweka sikio. Unakumbuka baba alivyokuwa akisikiliza mzinga wa nyuki kujua kama wamo? Wamo. Nilisikia kitu kinatafuna, polepole, bila haraka, kama wazee wanaokula bisi. Nikabonyeza kwa kidole gumba. Kidole kikaingia. Nikabonyeza nyingine, kikaingia. Ya tatu sikubonyeza.

Nilimngojea Method nikamwambia. Nilimwambia bila utani, nikavua na kofia. Ndipo nilipojua hasara ya kuwa mimi. Alinitazama kwa upendo, akasema Mami, mwaka jana uliniambia mkuu wa wilaya anakuja kuoa kwetu, nikafagia uwanja. Uliniambia kuna kiboko amelala kwenye choo cha shule, tukaenda na mishale mtaa mzima. Akaniuliza leo nimepewa soda ngapi na Zengo. Wenzake wakaanza kuimba palepale kwamba babu Malimi ana kidole cha chuma kinachotoboa mbao. Nikawaambia njooni muone. Wakasema hapana, manju akikagua nguzo kabla ya siku ni kuonyesha ana hofu, na dawa inawakimbia wenye hofu.

Jioni Method alinifuata peke yake, nilipokuwa nafunga ng'ombe. Hakucheka. Alisema anajua mbao ni kuukuu. Alisema hajui ni kuukuu kiasi gani na hataki kujua. Nikamwambia mama yake alishazika mmoja, tena alizika nguo tu kwa kuwa ziwa halikurudisha mwili. Akasema maneno ambayo sikutaka kukuandikia, lakini nimeona lazima uyajue. Alisema, Mami, Thomasi alipozama hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemwona. Mimi hata nikianguka, wilaya nzima itakuwa inatazama.

Nilirudi kwenye ng'ombe, dada yangu. Mmoja nilimfunga mara mbili.

Sasa nakuungamia wewe, maana Padre akija nitamwambia ya zamani tu, haya mapya bado ni moto. Niliwasaliti. Mimi Malimi, Mgika wa kuzaliwa, nilikwenda gereji kwa Zengo mchana kweupe, nikijifanya natengeneza baiskeli, nikamweleza kila kitu: kilima, kigongo, mdomo wa mamba, pumba. Nilifikiri kama wazee wetu: siri ya ngoma ikishajulikana imeoza, Wagika watalazimika kuivunja na kutafuta jambo jingine, na kutafuta kungewapitisha Jumapili. Zengo alinisikiliza, jicho moja kwangu na jingine kwenye baiskeli. Akanishukuru. Hakunidai hata pesa ya pancha.

Sikukipima kizazi hiki. Kesho yake Wagalu walizunguka mji wakiimba kwamba Wagika wamejenga treni ya kubebea mchwa, kwamba Method ataogopa, kwamba mtoto aliyekimbia ziwa atakimbia na nchi kavu. Waliliimba hilo, Felisita, mbele yake, nami ndiye niliyewapa wino. Method alisimama mlangoni mwa banda la Precious, akawasikiliza mpaka mwisho, akawapigia makofi. Kisha akatangaza kwamba Jumapili atapanda toroli la mbele peke yake, akiwa amesimama. Amesimama! Hata wale Wajapani walikuwa wamekaa na wamefungwa mikanda. Na sasa kundi linamtafuta msaliti. Wanamshuku Precious, wamesusia banda lake, jenereta iko kimya, na yule binti jana alipita kwangu akalia. Nikamwambia Mungu atamfichua mwovu. Nilisema hivyo huku nikimtazama machoni. Ukimwona Precious siku moja mwambie ni mimi. Mdomo wangu unajua mambo mengi lakini hilo umelikataa.

Nilifikiri kuichoma. Lakini magunia yana walinzi, na mtu wa kwanza ambaye angekimbilia kuuzima moto ni Method. Nilifikiri kumlevya. Hagusi pombe siku hizi kwa ajili ya masharti. Nilifikiri kukuita wewe, lakini najua ukifika utalia, na akiona unalia mbele ya wenzake atapanda mapema zaidi.

Basi jana walikaa wote kwa Mzee Maganga kupanga mwisho, nami nikaenda nikakaa katikati bila kualikwa, kama kawaida yangu. Nikauliza swali. Nikawauliza pombe ikiiva katika nyumba, nani anakunywa wa kwanza. Wakasema mwenye nyumba, ili wageni waone haina sumu. Nikasema vizuri. Nikawauliza tangu lini kijana anaonja kabla ya wazee, na kama Wagika wamekuwa Wazungu waseme tujue. Nikasema Wagalu wanaimba kwamba treni yetu inatisha. Jibu zuri ni nini, kijana mwenye misuli apande, au kizee cha meno manne kipande wa kwanza kikiwa na kiko mdomoni? Wilaya nzima itaacha gurudumu la Zengo ije kumtazama babu. Nikaona macho yao yanaanza kung'aa, maana kweli ni jambo la kuvuta watu. Mzee Maganga akatikisa kichwa akasema dawa haikatai mzee. Method akasimama akasema hapana. Nikamwambia mimi ni ndugu wa mama yako, ndiye niliyetoa neno mahari yake ipokelewe, na mjomba akisema kaa, mtu anakaa. Akakaa. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumwamrisha mtu akatii, nilitaka kugeuka nione nani amesema.

Kwa hiyo Jumapili ni mimi. Yeye atapanda wa pili, wamepatana hivyo.

Hapo ungeweza kufikiri kwamba sijasaidia kitu, kwamba babu mwepesi kama jani atapita salama na kijana atakufa nyuma yake. Nami niliwaza hivyo, kwa hiyo nikaongeza sharti. Niliwaambia nina uzito wa kuku, toroli litaruka reli, linahitaji kulaliwa. Nimewaomba wajaze matoroli yote mawili ya nyuma magunia ya mchanga mpaka juu. Waliona ni busara. Mmoja alinisifu kwamba babu anaanza kuelewa mambo ya treni. Hawakuelewa. Wewe unaelewa, ulikuwa na akili kuliko sisi sote, ni vile tu ulizaliwa wa mwisho.

Nataka kivunjike, Felisita. Nataka kigongo kile kivunjike mbele ya watu wote, tena chini yangu, kisibaki hata na ubao wa kumkalisha mtu wa pili. Niliuomba ukweli uaminike ukakataa kutoka mdomoni mwangu, basi utatoka kwa miguu. Usinililie kabla ya wakati. Nina hofu, sikufichi. Nikilala nasikia wale wazee wakitafuna bisi. Lakini pia, nikuambie na hili usimwambie katekista, kuna sehemu ndogo mwilini mwangu inayotaka sana kuona jinsi inavyokuwa pale juu, kabla ya kuachiliwa.

Barua hii naituma leo na dereva wa samaki, lakini anapitia Lamadi kwanza na ana mwanamke huko, kwa hiyo ukiisoma Jumapili itakuwa imeshapita. Ndivyo nilivyotaka. Method atakuja kwako, mzima. Atakuwa hasemi tena. Msimpeleke kwenye mtumbwi. Mpe shamba, mpe duka, mpe hata mke, lakini msimpe maji. Na hili la magunia ya mchanga asilijue kamwe. Aseme mbao zilikuwa mbovu na mjomba alikuwa mbishi, inatosha.

Msalimie Shemeji Sylvester na mgongo wake. Wasalimie majirani wote wa Kalemela wanaonifahamu, na wale wanaonidai uongo nitawalipa. Wabeja sana kwa lile furushi la dagaa ulilotuma. Nilimpa Precious nusu.

Nina ombi moja dogo, nalo ni haki yangu. Shemeji aliazima koti langu jeusi siku ya kipaimara cha mtoto wa jirani yenu, akasema wiki moja, na mtoto yule sasa ana watoto. Nirudishieni. Lifue litoke harufu ya samaki, ulipige pasi, ulilete wewe mwenyewe, usimpe dereva. Nikiwa hai nitalivaa gulioni wanione. Nikiwa siko hai watanivisha watu wengine, na huku siku hizi hakuna nguo ila mitumba. Sitaki wanipeleke na fulana yenye maandishi ya Wazungu kifuani, nikafika mbele ya Mungu sijui nimekuja kusema nini.

Ni mimi kaka yako,
Malimi.